Jinsi nilivyofuta barua 1,914 nikidhani nafuta nakala

Mteja wangu wa miaka sita aliniacha kwa sababu ya barua pepe niliyokuwa nayo magotini nisiweze kuisoma. Niliiona kwenye laptopu: jina la mtumaji, kichwa "Marekebisho ya haraka", saa iliyoingia. Nikiigusa, dirisha linabaki jeupe. Nilikuwa Faza, kibarazani kwa mama, kaskazi yavuma, simu yaonyesha kijistari kimoja cha mtandao ambacho ukikitazama mara mbili hakipo. Siku ya tatu nikarudi Lamu mjini, nikaifungua. Walitaka istilahi zibadilishwe na kurasa tisa za mwisho ziachwe kabisa. Mimi nilikuwa nimeshatafsiri kurasa zote, kwa istilahi zilezile walizozikataa, na tarehe ya kuwasilisha ilikuwa jana yake.

Kazi yangu ni tafsiri: miongozo ya afya, ripoti za uvuvi, mikataba, chochote kinacholipa. Nakaa Langoni, na hapo mtandao haunisumbui sana. Ila mama yuko Faza, kisiwani Pate, na tangu aanguke akavunjika nyonga nimekuwa nikiugawa mwezi: wiki mbili huku, wiki mbili kule. Boti ya Faza haifuati saa ya ukutani. Hupita mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na maji yakipwa hapo hapapitiki, kwa hiyo nahodha hutazama maji kwanza ndipo atazame abiria. Kuna siku twaondoka saa moja asubuhi, kuna siku saa saba mchana. Nilichotaka ni barua zangu zikae ndani ya laptopu, nizisome botini, nizijibu kwa mama, na majibu yaondoke yenyewe nikifika penye mtandao.

Nilidhani ni jambo la jioni moja. Lilinila karibu mwaka mzima, mabando ambayo sitaki kuyahesabu, na usiku mmoja wa kulia.

Lile dirisha jeupe lilikuwa kosa langu la kwanza. Siku moja kabla ya safari nilikuwa nimeweka Thunderbird, programu ya kompyuta ya kusomea barua pepe. Ikaniuliza anwani na nenosiri, ikajaza orodha ya barua mamia kwa mamia, nikafurahi. Sikujua kwamba kinachoshuka kwanza ni vichwa tu: nani katuma, lini, kuhusu nini. Mwili wa barua hufuata polepole, programu ikiwa wazi na imetulia. Mimi baada ya dakika kumi nilishaifunga laptopu na kuitia mkobani. Nilisafiri na bahasha tupu.

Dawa yake ni ndogo. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya Synchronization & Storage. Hakikisha hapo pana alama ya kuziweka barua kwenye kompyuta, chagua folda unazozitaka, kisha kabla ya kuondoka fungua menyu ya File, halafu Offline, bonyeza Download/Sync Now na ungoje hadi imalize. Baada ya hapo zima WiFi ukiwa bado nyumbani, ufungue barua tano za zamani na tano za leo. Zikifunguka, panda boti. Jaribio hilo la kuzima WiFi sijaliacha tangu siku ile, hata kwa programu nyingine. Na kama kompyuta yako ina nguvu na barua zako ni za kawaida, ishia hapa, usinifuate niendako. Thunderbird yakutosha.

Mimi sikuishia hapo kwa sababu mbili. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM ya GB 2, diski ya GB 32, na nikifungua Thunderbird pamoja na kazi ya tafsiri yote inahema. Sababu ya pili ni mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye amesomea kompyuta Mombasa. Alikuja Lamu kwa Maulidi, akanikuta nimeikunjia uso mashine, akatazama kidogo akasema, "Shangazi, wewe huna shida ya kusoma. Wewe huna mchukuzi."

Maneno yake yalikuwa kwamba kuzileta barua ni kazi moja, kuzisoma ni nyingine, kuzituma ni ya tatu, na kila kazi yaweza kuwa na programu yake ndogo isiyokula RAM. Mchukuzi aliyempenda ni mbsync. Kuna mwingine mkongwe zaidi, OfflineIMAP, ambaye John Goerzen alianza kumwandika mwaka 2002 kwa lugha ya Python, na kazi yake ni hiyohiyo. Lakini mbsync imeandikwa kwa lugha ya C na kwenye mashine yangu kikongwe ilikuwa nyepesi. Laptopu ilikuwa tayari na Ubuntu, kwa sababu mfumo wa zamani ulikuwa ukijisasisha wenyewe na kuninywea bando.

Hapo hapo nikakwama. Ukitafuta kifurushi kiitwacho mbsync kwenye Ubuntu hukioni. Mradi waitwa isync, kifurushi chaitwa isync, na amri unayoiandika ndiyo mbsync. Nilipoteza saa nzima kwa jina tu.

Likaja suala la nenosiri. Akaunti yangu ni ya Gmail, na tangu mwisho wa Mei 2022 Google waliacha kuziruhusu programu za aina hii kuingia kwa nenosiri lako la kila siku. Wahitaji nenosiri la programu: herufi 16, huonyeshwa mara moja tu, na huwezi kulitengeneza kabla hujawasha uthibitishaji wa hatua mbili. Nikawasha, msimbo uje kwa SMS. Sikufikiri mbele. Wiki ile ile Faza nikataka kuingia kwenye akaunti kwa simu ya jirani, msimbo ukatumwa kwenye laini yangu, na laini yangu haikuwa na mtandao. Nilisimama juu ya tangi la maji la mama, mkono juu, watoto wanacheka. Kwa hiyo ukiwasha hatua mbili, siku hiyo hiyo toa na misimbo ya akiba. Gmail hukupa kumi, kila mmoja tarakimu 8, na kila mmoja hutumika mara moja. Yangu nimeiandika kwenye karatasi, imekunjwa ndani ya mfuko wa kitambulisho.

Mipangilio ya mbsync ni faili moja ya maandishi, .mbsyncrc. Mpwa wangu alikuwa amerudi Mombasa, nikasema hili nitaliandika mwenyewe, mimi si mtu wa maneno? Nikachukua mfano wa zamani, nikauandika upya vizuri, nikaacha mistari mitupu hapa na pale ipumue kama aya. Ikakataa. Nikasoma, nikasoma tena, kila neno lipo. Jioni ya pili ndipo nikagundua kwamba katika faili hii mstari mtupu ni ukuta: sehemu huishia hapo. Nilikuwa nimeikata sehemu ya akaunti katikati kwa ajili ya urembo, na nusu ya chini imebaki haina mwenyewe. Mtu aliyekaa miaka ishirini akiwasahihisha wenzake aya, aliangushwa na nafasi ya mstari mmoja.

Mfano ule pia ulikuwa na maneno Master na Slave. Kuanzia toleo la 1.4 maneno ni Far na Near, yaani mbali na karibu: mbali ni seva, yaani kompyuta za Gmail zinakokaa barua, karibu ni laptopu yako. Na toleo la 1.5 limebadilisha neno la usalama wa muunganisho, SSLType, kuwa TLSType. Kabla ya kunakili mfano wa mtu, andika mbsync --version ujue uko wapi.

Vitu viwili vingine vilinila muda. Njia ya folda kwenye mstari wa Path lazima iishie na mkwaju (/). Mimi niliandika ~/Barua bila mkwaju, nikashangaa kuona nyumbani kwangu pameota folda zinazoitwa BaruaKazi na BaruaNyumbani. Cha pili ni lugha. Gmail yangu nimeiweka kwa Kiswahili miaka mingi, na sikujua kuwa majina ya folda zake maalumu hufuata lugha uliyochagua. Mfano unasema All Mail, Sent Mail. Kwangu hakuna folda yenye jina hilo. Amri ya mbsync -l na jina la mkondo wako, ambao kwenye faili huitwa Channel, huorodhesha folda zote za mkondo huo jinsi seva inavyoziita, bila kuleta barua hata moja. Ningeanza na amri hiyo, ningelala mapema.

Usiku wa kwanza wa kuleta barua nilinunua bando la GB 10 kwa shilingi elfu moja, nikawasha hotspoti ya simu, nikaandika mbsync -a, nikaenda kulala. Sanduku langu lote lilikuwa kama GB 4, kwa hiyo niliona nina ziada. Alfajiri nikakuta kazi imesimama, haijafika hata nusu.

Sababu niliielewa baadaye. Gmail haina folda hasa, ina lebo. Barua moja yaweza kuwa na lebo tatu, na kwa mchukuzi kila lebo ni folda, basi barua hiyo hiyo inabebwa mara tatu, halafu ya nne kwa folda ya barua zote. Mikataba yangu ya PDF ilikuwa imekuja mara nne kila mmoja. Na kiambatisho hakisafiri kwa ukubwa wake: hugeuzwa kuwa herufi ili kipite kwenye barua, kikaongezeka kwa karibu theluthi. Jambo jingine, Gmail wana kipimo chao cha MB 2,500 kwa siku kwa njia hii ya IMAP, ambayo ndiyo mbsync huitumia kuzifikia barua. Ukizidi, wanakufungia mlango kwa muda, hata uwe na bando la kumwaga. Kwa hiyo amua mapema: ama folda ya barua zote peke yake, ama kikasha na lebo chache. Mimi nilichagua kikasha na lebo tatu: Kazi, Nyumbani, Zamani. Nashukuru kitu kimoja, mbsync ikikatikiwa na mtandao hujua ilipofika, haianzi upya. Nikamalizia kidogo kidogo kwa siku tano.

Baada ya hapo nilipata wiki sita nzuri. Asubuhi ya safari naketi gatini, laptopu magotini, naandika amri, natazama tarakimu zinavyopanda. Mstari wa mbsync una upande wa F na upande wa N, mbali na karibu. Alama ya kujumlisha ni barua mpya, nyota ni barua zilizobadilishiwa alama. N ikisoma +23, najua nina barua mpya 23 za kusoma njiani. Nikajiona fundi.

Ndipo diski ikajaa.

Folda ya Zamani ndiyo iliyokuwa nene, yote ya kabla ya 2018. Humo mlikuwa na kazi za kale, na mlikuwa na barua za kaka yangu alizoniandikia akiwa Muscat, miaka saba, nyingine mistari miwili, nyingine kurasa. Nikawaza hivi: asili iko kwenye seva, hapa pana nakala, na nakala nitaileta tena siku yoyote. Mbsync huhifadhi barua kwa mtindo wa Maildir, alioubuni Daniel J. Bernstein miaka ya 1990 kwa ajili ya programu yake ya qmail. Kila barua ni faili yake, na zilizokwisha kuonekana hukaa ndani ya folda ndogo iitwayo cur. Nikaifungua cur kama folda yoyote, nikachagua zote, 1,914, nikazifuta moja kwa moja bila kupitia tupio, kwa sababu zikipitia tupio diski haipati nafasi. Diski ikapumua. Nikaenda gatini, nikaandika mbsync -a kama kawaida.

Upande wa F ukasoma *1914. Niliiona kwa macho yangu. Nyota ni alama, nikasema moyoni, pengine inaweka alama ya kusomwa. Nahodha akapiga kelele, "Haya, maji hayo yapwa!" nikafunga, nikapanda.

Ile nyota ilikuwa alama ya kufutwa. Katika Maildir faili ikiondoka, maana yake mwenyewe kaifuta barua, na mchukuzi mwaminifu hupeleka habari hiyo upande wa pili. Faili yangu ya mipangilio ilikuwa na Expunge Both, neno nililolinakili kwenye mfano bila kuuliza, na maana yake ni "kilichowekwa alama ya kufutwa kiondolewe kabisa pande zote mbili".

Niligundua usiku wa pili Faza. Mama alitaka nimsomee ile barua ya kaka kuhusu mti wa ukwaju wa nyumbani, aipendayo. Kwenye laptopu haipo, hilo nilijua. Nikatoka nje na simu hadi pale kijistari kinapopatikana, nikafungua lebo ya Zamani. Tupu. Nikaifunga programu nikaifungua, tupu. Nikarudi ndani nikamwambia mama mtandao umekataa leo. Nikatoka tena, nikalia nyuma ya banda la kuku kwa sababu nyumba ya mama haina mahali pa kulia usionekane. Barua zile zilikuwa za baba wa yule kijana aliyeniwekea mashine, na mimi nimezifuta kwa mashine hiyo.

Asubuhi nikampata kwa simu, sauti inakatika. Hakunigombeza. Akauliza swali moja tu: "Shangazi, kwenye mipangilio ya IMAP ya Gmail, uliwahi kugusa chochote?" Sijawahi hata kufika huko. Akacheka. "Basi zipo."

Kwa desturi, ukifuta barua kupitia IMAP kutoka lebo ya mwisho inayoonekana, Gmail huihifadhi kwenye kumbukumbu. Barua hupoteza lebo yake ikabaki kwenye barua zote, imechanganyika na nyingine. Mipangilio ile ile yaweza kuwekwa izitupe kwenye tupio, ambako hukaa siku 30, au izifute papo hapo bila kurudi. Aliyenikinga ni mtu fulani aliyeamua mipangilio ya kuanzia iweje. Akili yangu haikuhusika.

Nikirudi Lamu nikaanza kuzitafuta moja moja, kwa jina la kaka, kwa majina ya wateja, usiku wa kwanza, usiku wa pili. Siku ya tatu mpwa wangu akanitumia mstari mmoja wa kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail: has:nouserlabels before:2018/01/01. Yaani barua zote zisizo na lebo, za kabla ya 2018. Zikatoka zote kwa pamoja, na nyingine za ziada, nikachagua zote nikazivika lebo upya. Dakika kumi. Zile siku mbili sikuzipata tena.

Nilimwuliza kwa nini jambo hili limejengwa hivi, mtu akifuta hapa kifutike na kule. Akanieleza kwamba Mark Crispin alipoianzisha IMAP mwaka 1986, huko Stanford, alitaka barua zikae kwenye seva, na wewe uzitazame kutoka mashine yoyote na zote zione hali moja. Kulikuwa na njia nyingine, POP, ambayo huchota barua na kuja nazo, na kwa kawaida haipeleki habari nyuma. Mimi akilini nilikuwa na POP, mkononi nina IMAP. Nilitaka nakala, na sikuwa nimemwambia mchukuzi kuwa ni nakala.

Sehemu ya mkondo kwenye faili yangu sasa inasomeka hivi:

Channel barua
Far :seva:
Near :laptopu:
Patterns INBOX Kazi Nyumbani Zamani
Create Near
Expunge None
Sync Pull
SyncState *

Maneno mazito hapo ni Sync Pull: vuta tu, usisukume chochote. Usiliamini Expunge None peke yake kama unatumia Gmail, kwa sababu Gmail kwa mipangilio yake ya kawaida huiondoa barua mara alama ya kufutwa inapofika, haingoji amri ya pili. Kinachozuia alama isifike ni Pull. Gharama yake ni kwamba barua niliyoisoma botini, kwenye simu bado inaonekana haijasomwa. Nimezoea.

Kwa ajili ya bando, kwenye sehemu ya MaildirStore, inayoeleza hifadhi ya upande wa laptopu, nimeongeza MaxSize 500k. Barua inayozidi hapo haiji yote, huja kikaratasi cha kushika nafasi yake kinachotaja ukubwa wake. Nikiitaka, naitia alama ya nyota na safari ijayo inabebwa nzima. Hilo peke yake lilipunguza matumizi yangu ya data kuliko kitu kingine chochote, maana nusu ya uzito wa sanduku langu ulikuwa nembo za watu na picha za machweo ya Shela. Nilikuwa pia nimeiweka mbsync ijiendeshe kila dakika tano. Usifanye hivyo kwenye hotspoti ya simu. Mimi huiendesha kwa mkono, mara mbili kwa siku.

Kusoma nasoma kwa mutt, ambayo ni dirisha la maandishi matupu, na kutafuta natumia notmuch. Kutafuta ndiko kulikonifurahisha hasa: naandika jina la mteja na mwezi, na kabla sijanywa funda la kahawa barua zipo, bila mtandao, mashua inayumba. Kujifunza vibonyezo vya mutt kulinichukua wiki mbili za kununa, na simlazimishi mtu.

Baada ya ule usiku wa banda la kuku nikataka nakala ya kweli, iliyotengana na kila kitu. Nikachomeka flashi, nikakokota folda nzima ya Barua. Makosa kwa mamia. Jina la kila faili katika Maildir lina nukta pacha ndani yake, kisha herufi: S kwa iliyosomwa, R kwa iliyojibiwa, F kwa yenye nyota. Flashi nyingi zimeundwa kwa FAT32, na FAT32 haikubali nukta pacha kwenye jina la faili. Fundi mmoja mjini aliniambia flashi imekufa ninunue nyingine. Nikanunua, ikafanya vile vile. Suluhisho ni kuzifunga barua zote kuwa faili moja kwa amri ya tar, kisha faili hiyo ndiyo uinakili. Ila ujue FAT32 haibebi faili inayofika GB 4, kwa hiyo mimi hufunga kila folda peke yake. Flashi moja iko kabatini Langoni, nyingine iko kwa mama, ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na hati ya shamba.

Na kwa kuwa barua zote sasa ziko ndani ya mashine inayopanda boti, diski nimeisimba kwa nenosiri refu. Laptopu yenyewe huvaa mifuko miwili ya nailoni. Chumvi haina adabu.

Kutuma sitakueleza sana, nimetumia msmtp na foleni yake ndogo, majibu hukaa humo hadi nifike penye mtandao. Onyo moja tu. Nilimjibu mteja Jumatatu, "nakutumia kesho jioni". Barua ikaondoka Alhamisi, yaani niliahidi Jumanne iliyokwisha kupita. Sasa sitaji kesho wala leo. Naandika tarehe.

Jumamosi iliyopita gatini kijana mmoja aliyekuwa akienda Kizingitini alinitazama muda, akaniuliza, "Mama, hiyo ndiyo nini inayohesabu?" Nikamwonyesha N, nikamwonyesha F. Siku hizi F husoma sifuri kila safari, na mimi huitazama kabla sijafunga. Boti ilipotoka Mkanda nikaifungua ile barua ya mti wa ukwaju, nikainakili kwa mkono kwenye daftari, kwa herufi kubwa, ili mama aisome mwenyewe kwa miwani yake.